Mzee wa Upande wa Pili wa Benchi

Hannelore Pietsch alikuwa na mahali pake katika kanisa la Mtakatifu Petro, mjini Görlitz kwenye mpaka wa Ujerumani na Poland, na mahali pale hapakuwa pa ibada. Ibada aliziacha tangu ujana wake, enzi za serikali ile ya zamani ya Kikomunisti, ambapo mtu akionekana kanisani mara kwa mara alisahauliwa wenzake walipopandishwa vyeo. Alichokifuata yeye ni kinanda. Jumapili saa sita mchana, waumini wakishatawanyika na mchungaji keshavua joho lake, mpiga kinanda hupanda ghorofani na kuwapigia wapita njia na watalii muziki wa nusu saa hivi, na bakuli la sadaka likawekwa mlangoni kwa mwenye moyo wa kutoa. Majua ya dhahabu yametapakaa juu ya kinanda kile, na miale yake ndiyo mabomba yanayotoa sauti. Watalii huinua simu zao wakapiga picha. Hannelore hakuinua kitu. Alikaa kwenye benchi lake kando ya nguzo, mkoba mapajani, akasikiliza.

Upande wa pili wa benchi lile alikuwa anakaa mzee mmoja.

Hawakuwahi kusemezana. Alipoanza kumwona, Hannelore alikuwa mjane mpya, bado anavaa nyeusi, na aliingia kanisani siku hiyo kwa sababu tu mvua ilimkuta uwanjani. Eberhard, mumewe, alikuwa amekufa wakati wa baridi baada ya maisha mazima ya kuchomelea vyuma kwenye kiwanda cha mabehewa. Mzee yule alikuwa ameketi pale tayari, kofia ya kahawia gotini, tasbihi ya shanga za rangi ya asali imezungushwa vidoleni. Hannelore aliitazama ile mikono kwanza kabla ya uso. Alikuwa ameuza glavu tangu usichana mpaka duka kubwa la ghorofa lilipofungwa, na mazoea ya kutazama mikono ya watu hayakumtoka. Mikono ile ilikuwa mipana, ya mtu wa kubeba na kuvuta, lakini ilitulia juu ya goti kama ya mtu anayepigwa picha. Muziki ulipokwisha, mzee aliinamisha kichwa upande wake kidogo, akavaa kofia akaondoka, akiteremka kuelekea daraja la Poland. Hannelore naye akainamisha kichwa.

Jumapili iliyofuata alirudi, na ile iliyofuata, mpaka ikawa miaka. Msimu wa utalii ulipoisha na muziki ukapungua, alijiona kama aliyefungiwa nje. Mzee hakukosa. Mwisho wa muziki kichwa kilimwinamia, naye akajibu. Kwa wiki nzima hiyo ndiyo salamu aliyoipata kwa mtu ambaye hakuwa akimuuzia kitu.

Binti yake Katrin alikuwa mbali, Ulm, alikokwenda pamoja na nusu ya vijana wa rika lake viwanda vilipokufa. Alipiga simu Jumapili jioni.

"Mama, hamia huku. Huo mji wenu umejaa wazee na watu wanaokuja kuigiza filamu."

"Huko nitakaa na nani?"

"Na mimi."

"Wewe unarudi nyumbani saa mbili usiku, Katrin. Nitakaa na jokofu lako."

Hakumwambia kuwa hapa ana mtu. Angeulizwa ni nani, angejibu nini? Lakini rohoni alikuwa naye. Mpiga kinanda akikosea, Hannelore alisema kimoyomoyo, leo kijana kaamkia upande mbaya, na alijua kwa hakika kwamba upande wa pili wa benchi mwenzake ameona vivyo hivyo. Akirudi nyumbani akamenya viazi vya mtu mmoja, alimsimulia. Bei ya siagi alimwambia. Ngazi za nyumba zilizomshinda pumzi alimwambia. Majira fulani ya baridi mzee alikohoa muziki mzima, na Hannelore akanunua pakiti ya peremende za kifua, akaiweka mkobani kwa ajili yake. Haikutoka mkobani. Peremende ziligandana zikawa jiwe moja, akazitupa.

Kisha ukaja ule mwezi wa Machi wa korona.

Siku moja mto Neisse ulikuwa mto tu, watu wanauvuka kwenda kununua mkate, sigara na petroli upande wa Poland, au kuja kufanya kazi upande wa Ujerumani. Siku ya pili mpaka ukafungwa. Kwenye daraja la waenda kwa miguu, lile lililo chini ya kanisa, uzio wa chuma ulisimamishwa katikati, na mlango wa kanisa ukafungwa kwa ufunguo. Hannelore alikuta karatasi mlangoni. Aliisoma mpaka chini, akaisoma tena, kisha akateremka mpaka darajani na barakoa aliyoishona mwenyewe kwa kitambaa cha pazia.

Watu walikuwa wamejaa pande zote mbili za uzio. Mume yuko huku, mke yuko kule. Mwanamke mmoja wa Kipolandi alikuwa ameleta kiti cha kukunja na kufuma soksi, akizungumza na mwanamume aliyekaa chini upande wa Wajerumani kana kwamba wako jikoni kwao. Hannelore alizunguka zunguka, akitafuta kofia ya kahawia. Mwishowe alimsogelea yule mwanamke wa kiti.

"Samahani, mama. Namtafuta mzee mmoja wa upande wenu. Alikuwa anakuja kanisani kwetu kusikiliza kinanda."

"Anaitwa nani?" mwanamke aliuliza. Kijerumani chake kilikuwa kizuri.

"Simjui jina."

"Anakaa mtaa gani?"

"Sijui."

"Yukoje?"

"Mrefu wa wastani. Nywele nyeupe. Ana kofia ya kahawia."

Mwanamke alimtazama mumewe kupitia vyuma, kisha akamrudia Hannelore. "Mama yangu, hao huku ninao wengi. Nikutolee wangapi?"

Mume akacheka chini ya barakoa yake. Hannelore naye akajitahidi kucheka. Akapanda zake kwenda nyumbani, na kila alipopita dirisha la duka alijiona, kibibi chenye pazia usoni.

Jirani yake wa chini, Sigrun, alikuwa dirishani na sigara. Sigrun aliwahi kuwa kondakta wa tramu, na hakuna lililopita kwenye ngazi za nyumba ile bila kukatiwa tiketi naye.

"Umetoka wapi, shoga? Tumeambiwa tukae ndani."

"Darajani."

"Darajani una nani?"

Labda kwa sababu, ukimwacha yule mwanamke wa kiti, ilikuwa siku ya nne hajazungumza na mtu ana kwa ana, Hannelore akamweleza. Sigrun alisikiliza mpaka sigara ikaungua yenyewe.

"Ngoja nielewe. Mwanamume. Miaka yote hiyo. Na jina hulijui."

"Hatukuwa na haja ya majina."

"Hannelore, hata paka wa uani nimempa jina." Akakohoa kwa kicheko. "Kumbe wewe una mpenzi na sisi tunakuonea huruma bure."

"Si mpenzi."

"Basi ni nini?"

Hannelore alisema ana viazi motoni, akapanda juu. Motoni hakukuwa na kitu.

Majira yale ya kuchipua aliteremka darajani karibu kila siku njema, akisimama mbali kidogo na wenye watu wao. Hakuuliza tena. Aliona keki za siku ya kuzaliwa zikionyeshwa kupitia vyuma na mishumaa ikizimwa na upepo kabla mwenyewe hajaipuliza. Aliwaona wachumba wakishika uzio mahali pamoja, huyu upande huu na yule upande ule, mpaka polisi akawakoholea. Ng'ambo ya mto, kwenye kinu cha zamani kilichofanywa mkahawa, viti vilikuwa vimefungwa minyororo. Kengele za Mtakatifu Petro zilipopiga saa sita, Hannelore alitazama ukingo wa pili, akiwaza kwamba mzee naye pengine amesimama mahali anazisikia.

Mwezi wa Juni uzio uliondolewa. Watu walikimbia darajani usiku ule ule, na Sigrun alimwelezea asubuhi jinsi walivyokumbatiana wasiojuana. Hannelore alikuwa amelala. Yeye alingoja Jumapili.

Kanisa lilifunguliwa, kinanda kikarudi. Mabenchi yalikuwa yamepangiwa umbali, kamba nyekundu hapa na pale, na mahali pa mzee pamebandikwa karatasi yenye alama ya msalaba wa mkato, maana yake hapakaliwi. Hannelore alitazama huku na huku. Akaibandua ile karatasi taratibu, akaikunja, akaitia mkobani.

Hakuja. Wala Jumapili ya pili. Ya tatu mtalii mmoja mnene aliketi pale na mkewe, akauliza kama kiti kina mtu. Hannelore akasema hakina. Hakusikia wimbo hata mmoja. Alipotoka nje hakupanda kwenda nyumbani. Alishuka, akavuka daraja.

Si kwamba hakuwahi kuvuka. Alivuka mara nyingi kununua jibini na kutengenezesha viatu. Lakini alikuwa akienda alipopajua na kurudi. Mama yake alizaliwa upande ule, mji ulipokuwa mmoja, akafukuzwa pamoja na Wajerumani wote vita vilipokwisha, na maisha yake yote aliyobaki aliishi umbali wa kurusha jiwe bila kuvuka tena. Kwa Hannelore mitaa ile ilikuwa kama chumba cha mgonjwa, pa kupita kwa sauti ndogo.

Alitembea kando ya mto mpaka kwenye mikahawa ya Wagiriki. Mhudumu mmoja, mwanamke wa makamo mwenye aproni ya buluu, alikuwa anafuta meza.

"Namtafuta mzee," Hannelore alisema kwa Kipolandi chake cha sokoni. Alimaliza nywele, akamaliza kofia, akaona uso wa mhudumu unaanza kuwa kama wa yule mwanamke wa kiti cha kukunja. Akaongeza, "Ana tasbihi. Shanga kama asali. Haisalii, anaichezea tu."

"Sasa hiyo ungeanza nayo," mhudumu alisema. "Huyo Lefteris. Lefteris Karadimas. Alikuwa anakula hapa kila Jumatano, siku hizi haji. Panda mtaa huu mpaka mwisho, nyumba ya manjano, ghorofa ya kwanza. Gonga kwa nguvu."

Jina lile la Kigiriki lilimshtua. Wakati wote ule, rohoni, alikuwa amezungumza na Mpolandi.

Hakwenda siku hiyo. Alirudi nyumbani, akaoka keki ya unga wa siagi uliochambuka juu, kama wanavyooka kwao, akalala vibaya, na kesho yake akavaa blauzi ya kijivu na kuvuka tena. Aligonga kwa nguvu kama alivyoambiwa. Ilichukua muda. Mlango ulipofunguka, alikuwa ni yeye, bila kofia, amekonda, soksi zimetofautiana rangi.

"Ndiyo?" alisema kwa Kipolandi.

Hannelore alitabasamu, akangoja. Kisha akaona kwamba hakuna kinachokuja. Alikuwa akitazamwa kama mtu aliyeleta bili ya gesi.

"Mimi ni wa kanisani," alisema. "Wa kinanda."

"Sema tena. Sema upande huu." Mzee aligeuza kichwa, akampa sikio la kulia, na akahamia Kijerumani. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda kimoja ng'ambo, upande wa Ujerumani, alikuja kueleza baadaye. "Kwani kanisa linachangisha mlango kwa mlango siku hizi?"

"Sichangishi. Mimi nilikuwa nakaa na wewe. Benchi moja. Kando ya nguzo."

Alimtazama kwa makini, mtu mwema anayejitahidi. "Samahani sana, mama. Mimi pale nafumba macho. Nikishakaa tu, nafumba, mpaka kijana anamaliza."

"Lakini ulikuwa unaniinamia kichwa. Mwisho wa muziki."

"Kichwa?" Aliwaza, mkono ukapanda wenyewe nyuma ya shingo. "Ah. Hii. Niliangukiwa na gogo zamani. Nikikaa sana shingo inakaza, lazima niinyooshe hivi." Akaonyesha. Kichwa kikainama upande, kidogo, vile vile.

"Aa," Hannelore alisema.

Ngazi zilinuka kabichi. Juu mtoto alikuwa anapigapiga mpira ukutani. Hannelore aliona vizuri kabisa jinsi atakavyogeuka, atakavyoshuka ngazi akishika mkono wa chuma, atakavyovuka daraja, na jinsi Sigrun atakavyokuwa dirishani. Lakini miguu haikugeuka.

"Na hiyo keki," mzee aliuliza, "unampelekea nani?"

"Wewe."

"Basi unasimama nje kwa nini?"

Ndani palikuwa safi na patupu. Picha ya mwanamke mnene anayecheka ilikuwa juu ya redio. Mzee alichemsha kahawa kwenye kibirika kidogo cha mpini mrefu, akaimimina nzito na machicha yake, akakata keki vipande vinene. Alikula viwili kabla ya kusema.

"Umekuja kunisalimu mimi au kunigombeza kwa kutokuja?"

"Nilidhani umekufa."

"Bado." Alifuta makombo kwa kiganja. "Baridi iliyopita nilipata homa, ikanishukia masikioni. Hili la kushoto limekwisha. Hili jingine ni redio isiyoshika stesheni. Waliponifungia huku nikasema, wakifungua nitakwenda nijaribu. Nikaenda Jumanne moja. Mama, kinanda kile sasa kwangu ni lori linapanda mlima. Nikatoka hata hajamaliza wimbo wa kwanza."

"Jumanne," alisema Hannelore. Kinanda kilipigwa siku hiyo pia, ila yeye Jumanne hakuwa akienda.

"Sasa nikaona, kumbe mtu anaweza kukaa bila." Alisema bila uchungu, kama anayesema amepunguza sukari.

Hannelore alikunywa kahawa yake mpaka kwenye machicha. Hakutaka aulizwe kama na yeye anaweza.

Alipoaga alimtajia jina lake. Mzee akarudia, "Leonora. Karibu tena, Bi Leonora." Hakumsahihisha. Aliona ni afadhali jina la kukosea kuliko kutokuwa nalo.

Akarudi tena, kweli. Si kila wiki. Mara nyingine alipeleka keki, mara nyingine maboga machanga ya bustani ya Sigrun. Walikaa mezani, dirisha wazi, na mazungumzo yao yalikuwa ya kupiga kelele kwanza halafu kunyamaza. Kidogo kidogo akayajua yake. Mzee aliletwa pale akiwa mtoto wa miaka mitano, na treni iliyojaa Wagiriki waliokimbia vita vya kwao milimani, akiwa na kaka yake Thanasis na nguo moja. Mji ulikuwa nyumba tupu za Wajerumani waliofukuzwa. Wakapewa nyumba, wakapewa shule, mitaa ikajaa Kigiriki mpaka Wapolandi wakajifunza kutukana kwa lugha hiyo. Kisha miaka ikapita, kwao pakatulia, wakaanza kurudi, familia baada ya familia. Thanasis akarudi. Lefteris alikuwa amemwoa Bożena, huyu wa kwenye picha, naye Bożena hakutaka kuishi mahali pasipo theluji.

"Tukabaki. Akafa yeye. Kisha Thanasis kule. Watoto hatukujaliwa." Shanga zilipita vidoleni. "Waliobaki hapa ni wachache, na wengi Kigiriki chao ni cha kwenye nyimbo tu. Nikimwambia mmoja habari ya punda, ananiuliza kwa Kipolandi punda ndiyo nini."

"Huwapigii simu watoto wa Thanasis?"

"Sauti ya simu siishiki."

Kulikuwa na siku nyingine hakufungua. Hannelore alisikia redio ndani, kubwa, ikinguruma yenyewe, akagonga mpaka viungo vya vidole vikauma. Hakujua kama hasikii au hataki. Alitundika mfuko wa keki kwenye kitasa akashuka. Safari iliyofuata sahani ilikuwa mezani imeoshwa, na hakuna aliyeitaja. Siku hizo, akivuka daraja kurudi, aliona kwamba hajampata yule mtu wake wa benchini. Yule aliyejua bei ya siagi na aliyekuwa akisikia kinanda kinapokosea, huyo hakuwa akiishi kwenye nyumba ya manjano. Alikuwa amekwenda, na hakuna aliyemzika.

Mwezi wa Septemba, siku yenye jua, alimkuta mzee amevaa viatu.

"Leo nitembeze wewe," alisema. "Nimekaa ndani mpaka viti vinanichoka. Nionyeshe kitu cha kwenu ambacho si kinanda."

Hannelore aliwaza njiani. Pale Görlitz kuna nakala ya kaburi la Bwana Yesu, lakini hakutaka kumpeleka mzee makaburini. Kuna duka kubwa, alimokuwa akiuza glavu chini ya dari ya vioo vya rangi, ila sasa ni tupu na limefungwa. Wakavuka daraja, wakapanda polepole mpaka uwanja uitwao Soko la Chini, mkono wake chini ya kiwiko cha mzee, wakisimama kila penye kivuli. Pale akamsimamisha mbele ya lango la mawe la nyumba moja ya zamani, upinde mnene wenye mfereji uliochongwa kuufuata kuanzia mguu mmoja mpaka mwingine.

"Nini hiki?"

"Weka mdomo kwenye mfereji upande huu, unong'one. Wa upande ule anasikia, hata barabara ijae watu."

"Mimi sisikii ukipiga kelele, unataka nisikie unong'one?"

"Bandika sikio kwenye jiwe. Lile zima."

Alimwacha kwenye mguu huu wa lango, akazunguka mpaka ule mwingine. Alimwona mzee amejibana ukutani, kofia mkononi, amekunja uso kama anayepimwa na daktari. Hannelore akainama kwenye jiwe. Miezi ile ya uzio alikuwa ametunga mengi ya kumwambia mtu huyu. Sasa yote yalikuwa ya mtu mwingine.

"Mimi si Leonora," alinong'ona. "Naitwa Hannelore."

Mzee alijibandua, akamtazama kupitia uwazi wa lango, na uso wake ukafunguka.

"Hannelore?"

"Ndiyo."

"Miezi yote hii unaniacha nakuita mwanamke mwingine?"

"Uliliita vizuri."

Alicheka, mara ya kwanza Hannelore kumsikia, kicheko kikavu cha kupanda na kushuka. "Limeingia. Limeingia lote kichwani, kama mtu kakaa humu ndani." Alipapasa jiwe kwa kiganja kile kipana. "Zamu yangu. Weka sikio."

Hannelore akaweka. Jiwe lilikuwa baridi. Mwanzo alisikia pumzi tu, kisha sauti ikaja, karibu mno, ya kijana kuliko mwenyewe. Haikuwa Kijerumani, haikuwa Kipolandi. Ilianza kwa kusitasita, neno, tena neno, kama anayejaribu ngazi gizani, halafu ikashika mwendo. Ikaenda. Alisikia jina la Thanasis likipita, na tena, na la Bożena mara moja. Kulikuwa na mahali sauti ilicheka, na mahali iliuliza jambo ikangoja, na Hannelore, ambaye hakujua aliloulizwa, alishika pumzi asije akaharibu. Kisha ikaendelea. Hakuelewa hata neno. Hakuondoa sikio.

Kundi la watalii lilitokea kona ya uwanja na kiongozi wao mwenye mwavuli. Walisogea, wakazunguka, wakaanza kusimama foleni ya kunong'onezana. Mzee alinyamaza katikati. Alivaa kofia yake, akaja upande wa Hannelore akiwa amefuta macho kwa nyuma ya mkono.

"Ulikuwa unasema nini?" Hannelore aliuliza, kwenye sikio zima.

"Si kitu. Mambo ya nyumbani."

"Nieleze na mimi."

Alifikiri, kweli alifikiri, midomo ikijaribu. "Kwa Kijerumani si kitu," alisema.

Alimsindikiza mpaka darajani. Mzee hakutaka kuvushwa. Hannelore alimwangalia akienda na mkono kwenye kingo, akipishana na wenye baiskeli, mpaka kofia ikapotea nyuma ya kile kinu cha zamani.

Sigrun alikuwa dirishani. "Haya, shoga. Leo mmekaa. Amezungumza?"

"Amezungumza sana."

"Kasema nini?"

"Sijui. Kigiriki."

Hannelore alingojea dhihaka yake. Sigrun alikung'uta majivu ya sigara kwenye kopo, akamtazama kidogo, akasogea kando pale dirishani akaacha nafasi.

"Nina supu," alisema. "Ukitaka."

Hannelore alisema asante, labda kesho. Akapanda ngazi, akisimama kila ghorofa kuvuta pumzi. Ndani alikaa mezani na koti lake, na kwa muda mrefu hakuwasha taa, akijaribu kurudia kwa midomo, kabla havijamtoka, vile vipande viwili vitatu vya maneno alivyovishika.